Mali Kauli: Supamaketi Zetu na Siku ya Kulipa

Hotuba iliyotolewa Malindi mbele ya kikundi cha akina mama wasindikaji wa vyakula na wenye maduka ya mtaa

Mwenyekiti wetu, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana mliofunga maduka yenu mapema alasiri hii ili mje kunisikiliza, assalamu alaikum, na kwa wasiokuwa Waislamu, hamjambo nyote.

Barua ya katibu wenu ilikuwa fupi. Alisema kwamba kikundi kinatengeneza achari ya embe, mabuyu na kachiri za muhogo, kwamba supamaketi moja imeonyesha nia ya kuziweka kwenye rafu zake, na akauliza kama mkubali. Aliniandikia mimi kwa kuwa anajua kwamba kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa karani wa kupokea mizigo kwenye mlango wa nyuma wa supamaketi hapa Pwani, kabla sijastaafu na kufungua kiduka changu kule Barani. Kampuni ile sitaitaja jina, kwa sababu sikuja kushitaki mtu, na pia kwa sababu niliyoyaona pale si ya kampuni moja tu. Mlango wa mbele wa supamaketi mnaujua ninyi nyote. Mimi nitawapeleka nyuma.

Nitakayoyasema yamesimama juu ya neno moja la biashara ambalo watu wa mwambao huu wamelitumia tangu enzi za majahazi, nalo ni mali kauli. Mtu anakwenda kwa tajiri, anachukua mzigo bila kutoa fedha, anaahidi kwamba akiuza atalipa siku fulani, na mzigo unatoka dukani kwa nguvu ya ahadi hiyo peke yake. Mchukuaji hana fedha, ana kauli. Basi supamaketi, pamoja na taa zake, kompyuta zake na vigari vyake vya kusukuma, ni mali kauli. Tofauti ni kwamba zamani mdogo ndiye aliyekopa kwa mkubwa, na leo mkubwa ndiye anayekopa kwa mdogo.

Naomba tufanye hesabu kidogo, maana asiyeielewa hesabu hii hawezi kuelewa kwa nini maduka makubwa ya nchi hii yameanguka moja baada ya jingine. Tuseme supamaketi inachukua sukari ya shilingi milioni 1 kwa makubaliano ya kulipa baada ya siku 60. Sukari haikai, katika siku 10 imekwisha, na wateja wamelipa taslimu au kwa M-Pesa papo hapo. Siku ya kumi inachukuliwa sukari nyingine ya milioni 1, na siku ya ishirini nyingine tena. Inapofika siku ya sitini, ambayo ndiyo siku ya kulipa mzigo wa kwanza, duka limekwisha kuuza mizigo sita na limekusanya shilingi milioni 6, na bado halijamlipa mwenye sukari hata senti. Kuanzia hapo litamlipa milioni 1 kila baada ya siku 10, lakini litakuwa linakusanya milioni 1 nyingine kila baada ya siku 10 vilevile, kwa hiyo zile za mwanzo zinabaki mkononi mwa duka mwezi baada ya mwezi, bila riba na bila dhamana. Hiyo ni sukari peke yake. Ongezeni unga, mafuta, sabuni, maziwa na nepi, mtaona kwamba mwenye supamaketi anakalia kisima cha fedha ambacho maji yake si yake.

Sasa mwenye kisima hicho hushawishika. Anaziona fedha benki, anafungua tawi jipya, na tawi jipya nalo linachukua mali kauli, likaleta fedha nyingine za kufungulia tawi la tatu. Maadamu mauzo yanapanda, mambo yanakwenda vizuri na magazeti yanamsifu. Lakini siku mauzo yanapopungua nusu, duka linakusanya laki 5 kwa siku 10 huku deni linalodai kulipwa ni la siku zile za milioni 1, na fedha za kuziba pengo zimekwisha kugeuka saruji, vioo na majokofu. Mwenye sukari hakulipwa, anasitisha kuleta sukari. Mteja anaingia asubuhi, hakuti sukari, anaondoka na kikapu kitupu, na siku ya pili haji kununua hata sabuni. Mauzo yanashuka zaidi, na wenye sabuni nao wanasitisha. Nimeiona rafu ya mita kumi imepangwa chupa za maji ya kunywa za aina moja, zimetandazwa safu moja tu mbele ili nyuma pasionekane patupu. Karani anayeona hivyo hahitaji kusubiri tangazo la wakubwa.

Tuangalie majina sasa, kwa sababu haya yamo katika kumbukumbu za umma na hakuna siri ndani yake.

Supamaketi ya Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika matatu ya serikali, kwa nia ya kuwapatia wananchi bidhaa muhimu kwa bei wanayoimudu na kuwapa wenye viwanda vya Kenya mahali pa kuuzia. Usimamizi wa mwanzo ulikabidhiwa kampuni ya Italia iitwayo Standa. Nawatajia hilo kwa sababu hapa Malindi tunadhani Mtaliano alikuja kwa ajili ya ufuo na piza tu. Mwaka 1992 Uchumi ikaingia soko la hisa la Nairobi, na Wakenya wengi wa kawaida wakanunua hisa zake. Mwaka 2006 ikafunga milango kwa madeni, ikawekwa chini ya mfilisi, ikafufuliwa, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi sokoni. Watu walishangilia. Kufika mwaka 2015 ilikuwa inafunga matawi ya Uganda na Tanzania, na rafu za nyumbani zikawa zinakauka tena. Duka moja limeanguka mara mbili kwa ugonjwa uleule, na mara zote mbili mwenye mali ndiye aliyesimama mstarini mwishoni kabisa.

Nakumatt ndiyo iliyowaumiza wengi zaidi. Jina lake linatokana na Nakuru Mattresses, yaani biashara ya magodoro ya Nakuru, na kutoka kwenye magodoro hayo ilikua mpaka ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Alama yake ya tembo ilikuwa fahari. Mtu akitoka Nairobi na mfuko wake ulikuwa unatunzwa kabatini. Mwezi wa Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama, na ilipochunguzwa ilikutwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Fikirini kiwango hicho, kisha mjue kwamba benki angalau zilikuwa na karatasi za dhamana, lakini mwenye kuleta nyanya za kopo alikuwa na kauli peke yake. Mwaka 2020 wadai walipiga kura biashara ifungwe, na matawi 6 ya mwisho yakanunuliwa na Naivas.

Tuskys nayo, iliyokuwa na mizizi Rongai ya Nakuru, ilifuata njia hiyohiyo kuanzia mwaka 2020. Sitarefusha habari yake, ila niseme kwamba ugomvi wa urithi baina ya watoto wa mwasisi uliichosha kabla ya madeni kuimaliza, na kwamba mwasisi wa Tuskys na mwasisi wa Naivas walikuwa ndugu. Ukoo mmoja ulitoa duka lililokufa na duka ambalo leo ndilo kubwa kuliko yote nchini. Naivas, ambayo jina lake limetoka Naivasha, ilichukua njia nyingine: ilikubali kuuza sehemu ya umiliki wake kwa wawekezaji wa nje, na mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius ikaingia pamoja na wenzake. Wapo wanaolalamika kwamba mali ya Mkenya imekwenda kwa mgeni. Mimi kwa jicho la karani naona jambo jingine, nalo ni kwamba mtaji wa kujengea tawi sharti utoke mahali, na ni afadhali utoke kwa tajiri wa Mauritius aliyekubali kwa hiari yake kuliko utoke kwa mama wa mayai ambaye hakuulizwa.

Wageni nao hawakupita bila kujikwaa. Choppies ya Botswana iliingia kwa kununua maduka ya Ukwala, ikaondoka baada ya miaka michache. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua duka lake la kwanza mwishoni mwa mwaka 2018, na kufika mwisho wa 2020 ilikuwa inafunga virago. Carrefour, jina la Kifaransa linaloendeshwa hapa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ilifika mwaka 2016 na ikabaki, na pamoja na Naivas, Quickmart na Chandarana ndizo zinazogombea wateja wa miji mikubwa leo. Zinagombana kwa bei za ofa, na mteja anafurahi. Lakini mimi niliyekaa mlango wa nyuma najiuliza kila nionapo bango la punguzo: nani aliyelipunguza?

Hilo ndilo ninalotaka mlielewe kabla ya kutia saini karatasi yoyote. Mara nyingi punguzo la mteja hukatwa kwenye ankara ya mleta bidhaa. Pale nilipofanya kazi, mleta bidhaa mpya alitakiwa kutoa mzigo wa kwanza bure kwa kila tawi jipya. Alikatwa asilimia fulani mwisho wa mwaka kwa jina la zawadi ya mauzo. Alitakiwa kuleta kijana wake wa kupanga rafu, anayelipwa naye mwenyewe, na kijana huyo akishamaliza pakiti zake anaambiwa apange na za wengine. Rafu ya usawa wa macho ilikuwa na bei yake, na asiyeilipa bidhaa yake inashushwa chini karibu na vifundo vya miguu, ambako mteja haoni mpaka aangushe funguo. Pakiti zikipitwa na tarehe zinarudishwa kwa mwenyewe, hata kama zilipitwa kwa sababu zilisahauliwa stoo. Na stoo yenyewe nilikuwa naishika mimi, kwa hiyo najua zilisahauliwa mara ngapi.

Alikuwapo mzee mmoja wa upande wa Mambrui aliyekuwa akituletea asali na mabuyu kwa pikipiki. Alikuwa na daftari lake la jalada jeusi, ameandika kila mzigo, tarehe na saini yangu, kwa maana alilelewa katika ule usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanzoni alilipwa. Kisha akaanza kuambiwa hundi iko Nairobi inasubiri saini. Aliyemwambia ni mimi. Ndivyo tulivyoagizwa kusema, nami nilisema, wiki baada ya wiki, huku nikijua kwamba hakuna hundi yoyote inayosubiri saini popote. Alipoacha kuja, nilidhani amechoka. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa amekopa kwa watu ili awalipe warina asali wake, akauza pikipiki. Daftari lake lilikuwa safi kuliko letu, na halikumsaidia, kwa sababu lilikuwa linathibitisha deni ambalo mdaiwa hakulikana wala hakulilipa.

Sheria zetu zimejaribu kuliziba tundu hili, na ni haki niliseme kwa sababu wengi hawalijui. Sheria ya Ushindani ni ya mwaka 2010, na mabadiliko ya mwaka 2016 na 2019 yaliingiza humo kosa la mnunuzi mkubwa kutumia vibaya nguvu zake dhidi ya anayemuuzia. Kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kuvunja mkataba ghafla au kutishia kuuvunja, kukataa au kurudisha mzigo kinyume cha makubaliano, kumtwisha mleta bidhaa gharama na hasara ambazo ni za duka: yote hayo yametajwa. Sheria inataka pia mkataba uonyeshe masharti ya malipo, tarehe ya kulipa, riba ya kuchelewa, namna ya kuvunja mkataba kwa notisi, na namna ya kusuluhisha ugomvi. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Na haijabaki maandishi tu. Kampuni ndogo ya mtindi iitwayo Orchards iliipeleka Majid Al Futtaim, ile inayoendesha Carrefour, mbele ya mamlaka hiyo, ikapewa haki mwaka 2020, na baraza la rufaa likaunga mkono uamuzi huo mwaka 2021. Mwezi wa Desemba 2023 mamlaka ikaitoza kampuni hiyohiyo faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya kampuni mbili, Woodlands inayouza asali, na Pwani Oil ya hapa kwetu Pwani, ikaamuru na makato yarudishwe. Tazameni ukubwa wa walalamikaji. Pwani Oil si mtu wa pikipiki. Ni kiwanda kinachojaza mafuta ya kupikia nchi nzima, na bado kilibanwa mpaka kikaenda kushitaki. Ikiwa kiwanda kilibanwa, achari ya kikundi itakuwa na sauti gani kwenye meza ile? Hata hivyo, kwa kuwa mmeniomba ukweli, nakiri pia kwamba kampuni ile ya Carrefour ilikuwa inauza.

Hilo linanirudisha Malindi. Wenye maduka mliopo hapa mna hofu kwamba supamaketi itawameza, na nimesikia yakisemwa tangu nikiwa kijana. Mimi nafungua duka langu saa kumi na mbili asubuhi, na mteja wa kwanza anataka sukari ya robo, majani ya chai ya shilingi kumi na mafuta ya kupimwa. Supamaketi haiwezi kumpimia. Wa pili anataka mkate na maziwa, na fedha ataleta Ijumaa, nami nampa, kwa sababu najua mumewe anavua na bahari ilikuwa chafu wiki nzima. Supamaketi haina jicho la kujua hivyo. Wateja hawahawa mwisho wa mwezi wanakwenda supamaketi kununua unga wa robota zima, sabuni ya kopo kubwa na nepi, na mimi sioni uadui ndani yake. Tatizo letu sisi wa duka la mtaa ni kinyume cha tatizo lao. Sisi tunalipa taslimu kwa muuzaji wa jumla kisha tunakopesha mtaa. Wao wanakopa kwa viwanda kisha wanauza taslimu. Ndiyo maana sisi tunabaki wadogo, na ndiyo maana tunabaki. Nimeona matawi yakifungwa usiku mmoja, lakini sijaona duka la mtaa likianguka na deni la bilioni.

Jibu langu kwa katibu, basi, ni kwamba mkubali, lakini kwa kipimo. Mkienda na mzigo wote wa kikundi mtakuwa mmempa mtu mmoja koo lenu alishike. Kwa maoni yangu theluthi moja ya achari inatosha kwenda huko, na mbili zibaki kwenye maduka ya Shela, Maweni na Muyeye, kwa wenye hoteli, na kwa wasafiri wanaorudi bara, ambao hulipa siku ileile. Embe zenyewe zina msimu, kwa hiyo msiahidi mitungi ya mwezi wa Agosti kwa hesabu ya mwezi wa Januari. Kabla ya kuandika chochote itabidi mpate alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, na msimbo wa mistari unaosomwa na mashine, ule ambao kwa bidhaa zilizosajiliwa Kenya huanza na 616. Bila hivyo viwili karani wa mlango wa nyuma hatafungua hata boksi. Siku za malipo zisizidi 30, ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Mzigo unaorudishwa urudishwe kabla ya tarehe yake kwisha, na siyo baada. Na mzigo wa pili usitoke mpaka wa kwanza ulipwe, angalau mwaka wa kwanza. Wakikataa sharti hilo, mtakuwa mmejua jambo kubwa kwa gharama ndogo.

Mtaniuliza kama mtu akikataa hivyo hatapoteza soko. Huenda akapoteza. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza ile na nawaambia kwamba meneja wa ununuzi hukasirika siku ile, kisha wiki ya tatu anapiga simu mwenyewe ikiwa bidhaa inaulizwa na wateja. Bidhaa isiyoulizwa haipigiwi simu, na hiyo isingelipwa hata kwa mkataba mzuri. Kwa hiyo anzeni na maduka ya mtaa mpaka mtoto wa Maweni aitaje achari yenu kwa jina, halafu muende mkiwa na jina hilo mkononi.

Nimebeba karatasi tatu nitakazozipitisha kuanzia kwa mama aliyekaa mbele hapa. Ni nakala za ankara za yule mzee wa asali, alizonipa siku aliyokuja dukani kwangu Barani baada ya mimi kustaafu; tulikunywa chai, hakunilaumu, akaniambia nikipata watu wa kuwaonyesha niwaonyeshe. Majina nimeyafuta kwa wino. Angalieni chini upande wa kulia, penye nafasi ya tarehe ya kupokea mzigo na tarehe ya hundi. Ya kwanza ililipwa baada ya siku 41. Ya pili ililipwa baada ya siku 97. Ya tatu ina saini yangu ya kupokea, na nafasi ya hundi iko wazi.